Kipando Hakishukuriwi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko mambo mengine yote ya shamba: ukipewa kipando, hushukuru. Ukipewa mbegu ya ulezi, kijiti cha muhogo, mche wa mgomba au mashina ya viazi, unapokea kwa mikono miwili, unageuka, unakwenda zako. Ukisema asante umekiua. Shukrani ya kipando ni chakula chake. Kikiota na kikazaa, unachukua cha kwanza kabisa, kabla wewe mwenyewe hujaonja, unampelekea aliyekupa. Hapo sasa mnaweza kushukuriana mpaka mchoke.

Mama aliirithi sheria hiyo nzima nzima. Mimi nimeirithi pia, pamoja na hasira za haraka za baba yangu, ndiyo maana watu wanaokuja kwangu Nakaloke kuomba vijiti vya muhogo huondoka wakishangaa. Wakifungua mdomo tu nimeshawakatiza: "Chukua, nenda. Usiniharibie." Wengine hununa. Wacha wanune, muhogo wao utaota.

Lakini mimi mwenyewe niliwahi kuivunja sheria hiyo, nikiwa na miaka kumi na miwili, na kwa karibu mwezi mzima niliamini kwamba nimewaua watu wote wa nyumbani kwetu kwa neno moja.

Ilikuwa baada ya vita. Nasema vita tu, kama watu wa kwetu wanavyosema, kwa sababu vilifuatana mpaka tukachoka kuvitenganisha. Redio ilisema vimekwisha. Barabarani wanajeshi walikuwa wengine, lakini Kiswahili chao cha amri kilikuwa kile kile, na watu wakikisikia waliinamisha vichwa vile vile. Sabuni ilikuwa haipatikani, chumvi ilipimwa kwa kijiko. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, mvua nayo ikakataa.

Tulikuwa watu watano: baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Baba alikuwa fundi cherehani siku za soko na mkulima siku zilizobaki. Mama alikuwa mkulima siku zote. Kutoka uani kwetu ungeweza kuuona ukuta wa mlima Wanale wote, na katika miaka mizuri maporomoko yake ya maji yalionekana pia, nyuzi nyeupe juu ya mwamba. Mwaka ule nyuzi zilikatika moja baada ya nyingine. Mama alizitazama kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Siku uzi wa mwisho ulipotoweka alisema tu, "Haya," akaingia jikoni.

Ulezi tuliupanda mara mbili. Mara ya kwanza ulichomoza, ukatazama hali ilivyo, ukafa. Mara ya pili haukujisumbua hata kuchomoza. Mahindi yaliishia magotini. Viazi vilijikunja chini ya ardhi vikawa vigumu na vichungu. Ng'ombe wetu mmoja alianza kulala mapema kuliko kawaida, na siku moja hakuamka, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka adhuhuri.

Watu wa mjini husema mkulima ana subira. Sijui walimwona wapi mkulima huyo. Kwetu baba aligombana na mama kwa ajili ya kikombe cha maji, mama akagombana na jirani kwa ajili ya foleni ya kisima cha pampu, na mimi nilimpiga mdogo wangu kwa sababu alilamba chungu kabla yangu. Njaa ilitufanya wabaya. Nalisema wazi kwa sababu kumbukumbu hupenda kututakasa, na mimi sitaki kutakaswa kwa uongo.

Ukabaki muhogo. Muhogo ndio mwenye subira, si sisi. Tulichimba ile iliyokomaa, kisha isiyokomaa, kisha mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Tulichuma majani tukayatwanga. Na hapo ndipo kijiji kizima kilipofanya kosa ambalo ni watu kama sisi tu wanaoweza kulifanya. Kwetu hakuna aliyewahi kuhifadhi vijiti vya muhogo. Vya nini? Kipando huombwa kwa jirani, na jirani hakatai, na hata asante humwambii. Kwa hiyo kila nyumba ilichimba muhogo wake mpaka shina la mwisho na kuviacha vijiti vitupwe uani, ikiamini kwamba nyumba ya pili imebakiza. Mbuzi, ambao hawakuwa na nyasi, walivimenya maganda. Mchwa wakamaliza walichoacha mbuzi. Siku moja mama alichukua panga akaenda kuomba vijiti nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho kule njia ya Mbale. Alirudi mikono mitupu. Njiani alikuwa amekutana na wanawake wengine wawili wenye mapanga, nao wakienda kuomba.

"Hata mvua ikinyesha kesho," alimwambia baba, "hatuna cha kupanda."

Baba aliokota jembe lake, akalitundika ukutani. Wakati huo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, maana baba alikuwa na jibu la kila kitu.

Mdogo wake mama aliishi Jinja, katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba. Kiwanda alichofanya kazi mumewe kilikuwa kimefunga milango, na tulisikia kwa dereva wa lori la samaki kwamba watu wa pale wamelima hadi mlangoni. Ziwa liko karibu, umande upo, muhogo umesimama. Basi ilikuwa lazima mtu aende. Baba hakuweza. Miezi ile mwanamume mwenye kofia ya kitambaa na kanzu, kama baba, alisimamishwa kila kizuizi cha barabarani akaulizwa alikuwa upande gani wakati wa vita, na wawili wa sokoni kwetu walioulizwa hivyo walikaa ndani wiki nyingi. Mama akasema ataenda yeye, na atanichukua mimi, kwa sababu mwanamke mwenye mtoto hasumbuliwi sana. Ilikuwa kweli nusu.

Tulikwenda na lile lori lilipokuwa likirudi tupu. Walukuba niliiona kama Peponi. Kati ya nyumba na nyumba, pale ambapo zamani wafanyakazi walikuwa na nyasi za kukalia, palijaa muhogo uliopita kimo cha mtu, na watu walikuwa wameanika nguo zao juu yake. Mama mdogo alitupikia dagaa wa Masese, wale tunaowaita mukene, na nilikula mpaka nikaona aibu, kisha nikala tena. Alicheka akanisukumia sahani yake. Alikuwa mwanamke wa kucheka, hata katika miezi ile, na nampenda kwa hilo mpaka leo.

Asubuhi alichukua panga akaanza kuukata muhogo wake mwenyewe. Hakukata matawi ya kuturidhisha tu. Alichagua mashina yaliyokomaa, yenye macho ya karibu karibu, na mengine yalikuwa na mizizi ambayo haikuwa bado ya kuchimbwa. Alijipunguzia chakula mbele ya macho yetu. Tulifunga mizigo mitatu kwa kamba za mgomba, tukaiviringisha kwenye magunia yaliyoloweshwa maji ya ziwa. Kisha mama akabeba wake kichwani, akageuka, akaondoka bila neno. Mama mdogo naye alitupa mgongo akaingia ndani. Mpita njia angeapa kwamba ndugu hawa wawili wamegombana hawatazikana. Mimi nilijua, lakini nililia hata hivyo.

Wakati wa kurudi lori lilijaa magunia ya samaki wakavu, na sisi tulikaa juu yake na mizigo yetu. Jua lilichoma. Kila mara lori liliposimama, mama aliingiza mkono ndani ya magunia kugusa vijiti, na akiona vimeanza kukauka alivinyunyizia maji ya kunywa tuliyokuwa nayo ndani ya chupa. Sisi wenyewe hatukunywa.

Kabla ya Tororo tulifika kizuizini. Mapipa mawili, mti uliolazwa juu yake, na pembeni kibanda cha mabati. Mbele ya kibanda palikuwa na mafiga matatu na sufuria kubwa ya maharage iliyokataa kuchemka, kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha.

"Wote chini! Mizigo yote chini!"

Askari mwenye kofia ya sufu alipekua magunia ya samaki, akajichukulia wachache bila kuuliza. Kisha akaona mizigo yetu. Akachana gunia moja kwa kisu.

"Hii nini?"

"Muhogo, afande," mama alisema. "Ya kupanda."

"Muhogo iko wapi? Mimi naona kuni."

"Si kuni, afande. Hii ni mbegu. Huko kwetu imekwisha kabisa."

"Mama, wewe nadanganya serikali? Kuni ni kuni. Sisi napika."

Akabeba mzigo mmoja, akausukuma wote chini ya sufuria, akamwagia mafuta ya taa kidogo. Moto ukashika. Alipogeuka kuja kuchukua wa pili, mama alikuwa amekwisha kukalia ile miwili iliyobaki. Nikisema amekalia, namaanisha ameketi chini juu ya vijiti na kukunja miguu, na leso yake ameitandaza juu ya magoti kama mtu aliyefika msibani.

"Simama!"

"Sisimami, afande."

"Nasema simama!"

"Utanibeba na mimi."

Askari alielekeza bunduki. Dereva alianza kumsihi mama kwa Kiganda aache mambo ya miti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliona mgongo wake ukitetemeka, mama yangu ambaye nilidhani hajui kuogopa. Sikuwaza muhogo tena. Niliwaza kwamba nitarudi Nakaloke peke yangu na sitajua nimwambie baba nini.

Kilichotuokoa ni moshi. Vijiti vibichi haviwaki, vinafuka tu, na ule mzigo ulitoa moshi mzito uliojaa kibandani. Akatoka mtu akikohoa na kufuta macho. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake kwa umri na kwa cheo, mtu wa kaskazini kwa lafudhi yake, na shingoni alivaa rozari ya plastiki juu ya shati la jeshi.

"Nani nafukuza mimi na moshi?"

Aliinama, akachomoa kijiti kimoja motoni. Utomvu mweupe ulikuwa ukitoa povu kwenye ncha. Akakikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, pale chini ambapo moto haukufika, akatazama ule ukijani wa ndani ya ganda. Kisha akasema kwa lugha yake maneno marefu ambayo sikuyaelewa, lakini yule mwenye kofia ya sufu alirudi nyuma hatua mbili.

"Nani naweka muhogo kwa moto? Wewe nyumbani hakuna mama? Mwaka ya njaa, mtu nachoma mbegu?"

"Afande, mimi nadhani kuni..."

"Toa! Toa yote!"

Wakavitoa kwa mikono, wakivirusha na kupuliza vidole. Yule mkubwa akavipanga mwenyewe upya, vilivyoungua na vilivyopona, akavifunga. Akatugeukia.

"Mama, simama. Hakuna mtu nachukua. Nyinyi nakwenda wapi?"

"Nakaloke, afande."

"Mvua iko?"

"Hakuna."

"Kwetu pia hakuna. Mama yangu natuma habari, naomba chakula. Mimi nampa nini? Risasi?"

Alisema hivyo bila kucheka. Kisha akaingia kibandani, akatoka na jerikeni la maji. Nilijua maji yale ni yao ya kunywa, kwa sababu wenzake wote waliligeukia lile jerikeni. Yeye alimimina polepole juu ya magunia yetu, mzigo mmoja baada ya mwingine, mpaka yakadondosha maji.

"Weka kwa kivuli. Kichwa juu, ile macho natazama juu. Na usipande mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza nadanganya. Ngoja ya pili."

Mama alipokea mizigo kwa mikono miwili. Akageuka. Na mimi, mjinga, niliyekuwa nimebanwa na woga tangu mwanzo, nikaachia yote kwa mara moja: "Asante, afande! Asante sana! Asante!"

Mama alinifinya mkono mpaka alama ya ukucha ikabaki siku tatu. Alipopanda lori alimwinamia yule mtu mara moja tu na kumwuliza, "Afande, mwakani utakuwa hapa?"

Yule mtu alitabasamu. "Mama, mimi hata kesho sijui."

Nyumbani tuliwaza pa kuviweka vijiti vile mpaka mvua ije. Kivuli kilikuwepo, maji ya ziada ndiyo hayakuwepo. Miezi ile yote baba alikuwa akitayamamu kwa udongo badala ya kutawadha, kama dini inavyoruhusu mtu asiye na maji. Alizunguka uani akifikiri, kisha akavipanga vijiti wima nyuma ya nyumba, macho juu, chini ya dirisha, akachukua birika lake dogo, akalitia maji yetu ya kunywa na kutawadha juu ya vijiti hivyo. Maji yakapita usoni, mikononi, miguuni, yakaishia kwenye muhogo. Tangu siku hiyo sote tulitawadhia pale, mara tano kwa siku, kikombe kimoja kimoja. Maji yale yale yalitumika mara mbili, na baba akarudiwa na maneno yake.

"Muhogo huu," alisema, "ukiota lazima utahiriwe. Umeswali kuliko mimi."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na jiwe. Nilijua nimesema nini pale kizuizini.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana mmoja kwa kishindo, ikapiga mabati, ikanukisha udongo mpaka watu wakatoka nje na kuimba. Wachache waliokuwa na chochote cha kupanda walipanda siku hiyo hiyo. Baba alitoka na jembe. Mama akasimama mbele ya vijiti.

"Yule alisema tungoje ya pili."

"Yule askari ndiye anayenifundisha kulima?"

"Alikikwangua kwa ukucha," mama alisema. "Anajua."

Waligombana mpaka majirani wakasikia. Baba alilala bila kula, ingawa cha kula chenyewe kilikuwa uji wa majani ya muhogo, hivyo hakupoteza kitu. Mvua ile haikurudi siku tisa. Vilivyopandwa na majirani vilichemka ndani ya udongo. Siku ya kumi mbingu ilifunguka sawasawa, na juu ya Wanale tuliuona uzi mmoja mweupe. Baba alichukua jembe bila kumtazama mama, akasema, "Haya basi, twende tukamtii afande wako."

Tulikata vijiti vipande vipande, tukavilaza kwa kuinamisha, mistari mirefu kumi na moja. Mzigo ulioungua mama hakuutupa. Aliupanda mwishoni, mistari miwili, kwenye kona karibu na kichuguu ambapo hakuna kitu kizuri kilichowahi kuota.

Baada ya wiki mbili macho yalianza kufunguka. Vichipukizi vyekundu, vidogo, kila mahali. Wadogo zangu waliruka. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kona ile: hakuna kitu. Kesho yake hakuna. Wiki ya tatu hakuna. Nikaelewa kwamba asante yangu imeanza kuua, na imeanzia pale, na itapanda mstari mmoja mmoja mpaka ifike mlangoni kwetu. Kila asubuhi nilikwenda kuuangalia mstari wa tisa kama umeanza kunyauka. Nilianza kuwaachia wadogo zangu uji wangu, kwa sababu sikuona haki ya kula mimi niliyesababisha.

Mama aliliona hilo. Siku moja tukipalilia aliweka jembe chini akaniuliza, na nikamwambia yote kwa kilio. Kwanza alicheka, na kicheko kile kiliniudhi sana. Kisha akanikalisha kwenye tuta.

"Ulipomwambia asante, uliona nini mbele yako?"

"Bunduki."

"Uliogopa?"

"Niliogopa."

"Basi hukumshukuru yeye. Uliishukuru bunduki. Muhogo haukusikia kitu." Akachukua kijiti kimoja cha kona ile, akakivuta juu, akanionyesha mkaa ulioingia mpaka moyoni. "Hivi viliungua, mwanangu. Moto umeviua, si mdomo wako. Na yule mtu bado hajashukuriwa. Hilo litatubidi."

Sijawahi kupewa msamaha mtamu kama ule. Nilikula uji siku hiyo na kuomba mwingine, na haukuwepo. Na siku chache baadaye, katika mistari miwili ile iliyokufa, kijiti kimoja kilitoa jicho. Kimoja tu. Mama alikizungushia miiba ili mbuzi wasikifikie.

Mwaka uliofuata cha kwanza kilikwenda kwa mama mdogo Walukuba, kisha kijiji chote kikakata vijiti kwetu. Walikuja kutoka Nakaloke yote, hata watu ambao mama aligombana nao kisimani, wakapokea kwa mikono miwili, wakaondoka kimya. Walipovuna, kila mmoja alileta cha kwanza. Uani kulijaa mihogo mpaka tukakosa pa kutawadhia. Baba alisema, "Tumeponea njaa, sasa tutakufa kwa shibe." Nakumbuka mama akiketi katikati ya rundo lile, akimenya, akiimba kwa sauti ndogo, na wadogo zangu wenye matumbo yaliyojaa wakilala juu ya magunia. Sidhani nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko hiyo, na nimeolewa, nimezaa, nimehiji.

Shina la kona lilikuwa la mwisho kuchimbwa. Mama hakuruhusu mtu kuonja. Alilichimba mwenyewe, mizizi minne minene, akaifunga kwenye leso, na mimi na yeye tukapanda lori kuelekea Tororo.

Kizuizi hakikuwepo. Mapipa yalikuwa yameondolewa, kibanda kimeng'olewa mabati. Yalibaki mafiga matatu meusi pembeni mwa barabara. Mwanamke aliyekuwa akilima karibu alituambia wale waliondoka miezi mingi iliyopita, wakapelekwa kwenye mapigano mengine, hajui wapi, na hajui nani alirudi. Mama aliuliza habari za mtu mkubwa mwenye rozari. Mwanamke akatikisa kichwa; wengi walivaa rozari.

Nilidhani mama atalia. Yeye alikusanya vijiti vikavu, akaomba moto kwa yule mwanamke, akawasha katikati ya mafiga yale yale na kuchoma muhogo. Ulipoiva aliketi barabarani. Kila aliyepita alimpa kipande: yule mwanamke, mzee mwenye baiskeli, wasichana wawili wa shule, askari wawili wapya wasiotujua, waliokula na kuondoka bila kushukuru. Kipande cha mwisho tuligawana sisi.

"Shukrani imemfikia?" nilimwuliza.

"Sijui," mama alisema. "Lakini hatukukaa nayo."

Mama amekwisha kufariki, na baba pia, Mungu awarehemu. Siku zake za mwisho mama alichanganya majina yetu, lakini aliuliza kama muhogo wa kona bado upo. Upo. Nimekata na kupanda, kukata na kupanda, na kila mwaka mzizi wake wa kwanza nauchoma na kumpa mtu wa kwanza anayepita barabarani, hata awe nani.

Kwenye leso huandikwa maneno: moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Nimeishi ndani ya ukame, nalijua neno kukausha. Sheria ya bibi inasema chakula kwanza, neno baadaye. Chakula nimekitoa miaka yote hii kwa mikono ya wapita njia. Limebaki neno, kwa sababu lile la kwanza niliipatia bunduki, na jina la mtu huyu sikulijua, wala sijui kama aliwahi kurudi kwa mama yake na kitu cha kupika. Kwa hiyo naliweka hapa, nikiwa nimeketi uani kwangu, nimeshiba, hakuna anayenielekezea kitu. Muhogo uliota, afande. Asante.